Makunyanzi Yaliyotangulia Umri



Katika arusi moja kule Lamu, kijana alimpa ndugu yetu shikamoo kwanza, kisha ndipo akatugeukia sisi. Alidhani yeye ndiye mkubwa, kumbe sisi tumemtangulia kwa miaka 4. Watu walicheka. Sisi hatukucheka, kwani twajua amevuta sigara tangu ujanani.

Kidonda huvimba na kuwa chekundu kwa kuwa mwili wajitibu. Siku chache, uvimbe hutulia. Lakini moshi wa kila siku huamsha ndani ya mwili uvimbe usiopoa. Hauonekani wala haumzuii mtu kazi, ila huivunja kolajeni, yaani nyuzi za protini ziikazazo ngozi, na mpya isitengenezwe ya kutosha. Mishipa midogo ya damu nayo hubana, ngozi ikakosa lishe, ikakunjamana kabla ya wakati wake.

Shemeji yetu amemnunulia mafuta ya kila namna. Mafuta hulainisha juu, na moto uko chini. Tena uvimbe huo huo huidhuru mishipa ya moyo, na hilo ndilo lililotunyima usingizi.

Usiku ule tulimwambia faraghani: “Ndugu yetu, mwili ni amana, na uso wako umeanza kutoa ushahidi.” Hakujibu neno. Alfajiri, baada ya sala, alituuliza zahanati hufunguliwa saa ngapi.

Enyi mama na dada zetu, muonapo uso umezeeka mapema, kabla ya kwenda dukani, ulizeni kwanza ni nini kinachowaka ndani.