Paswadi Iko kwa Nani?

Mama mmoja wa hapa Nakivale alikuja kwenye kibanda chetu, pale Base Camp, na swali moja tu: "Wanangu, nitajuaje kama wamenijibu?" Ndugu yake alimwombea kwenda Kanada, na fomu ilijazwa mwaka jana kwenye mtandao wa serikali ya huko. Tukamwambia, sawa mama, tupe imeli na paswadi tuangalie. Akatutazama. "Hiyo imeli mimi siijui. Yule kijana wa kioski ndiye aliifanya."

Tukaenda naye. Kumbe kijana alifungua imeli kwa jina lake mwenyewe, na namba ya kurudishia paswadi ni ya simu yake. Imeli hiyo hiyo amejazia fomu za watu wengi. Kwanza alisema anaitafuta, halafu akasema ana kazi, mwisho akataja bei: shilingi 50,000. Siku mbili tulimbembeleza ndipo akafungua. Ndani mlikuwa na barua iliyokaa wiki tano bila kusomwa. Ilikuwa inaomba karatasi za mtoto wake wa tatu, na zile siku 30 walizompa zilikuwa zimeshapita.

Njiani tulimsema sana yule kijana, hatuwezi kuwaficha. Tukamwita mwizi. Lakini jioni mwenzetu mmoja akauliza: na sisi je?

Tuko na simu moja ya kikundi. Mtu akija kutaka msaada tunapiga picha karatasi yake ya familia, kitambulisho, wakati mwingine hata maandishi ya maelezo yake, kwa nini alikimbia, nani alimtishia. Tukimaliza kujaza, picha zinabaki. Tulihesabu usiku ule: picha za watu 63. Na simu hiyo mwezi wa pili ilipasuka kioo, tukaipeleka kwa fundi, akaomba namba ya kufungulia, tukampa. Ililala kwake siku tatu.

Labda hakuangalia kitu. Lakini wenyewe mnajua hapa tunaishi na nani. Mtu amekimbia kijiji, na aliyemkimbiza anaweza kuwa na shemeji yake hapa hapa, mtaa wa pili. Tulizunguka kuwaambia wale tuliowapata. Wengi walisema si kitu, Mungu yupo. Mzee mmoja hakusema hivyo. Aliuliza polepole, "Ile habari yangu mlimwachia nani?" Hatukuwa na jibu. Tukakaa tu pale uani kwake tunaangalia chini.

Wengine wanatuambia hatari iko kwa vioski na mafundi, programu yenyewe ya serikali ni salama. Hebu tuangalie ile ya Marekani iliyoitwa CBP One, maana wapo Wakongo waliozunguka Amerika ya Kusini mpaka Meksiko na kuitumia. Kuanzia Januari 2023 watu waliokuwa Meksiko waliombea miadi ya mpakani humo: jina, tarehe ya kuzaliwa, selfi, na mahali simu ilipo. Watu wengi weusi walilalamika kwamba kamera inakataa uso wao. Zaidi ya watu 900,000 waliingia kwa njia hiyo, wengi wakipewa ruhusa ya kukaa kwa muda. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ilibadilika, na siku hiyo hiyo miadi yote ikafutwa. Mwezi wa tatu programu ikapewa jina jipya, CBP Home, ya kumsaidia mtu kujiandikisha kwamba anaondoka. Mwezi wa nne walioingia kwa CBP One wakaanza kupata imeli: ruhusa yako imekatwa, toka. Yaani taarifa ile ile uliyotoa ili uingie ndiyo iliyotumika kukwambia uondoke.

Na hapa ndipo tulipomkumbuka mama yetu. Baadhi ya barua hizo zilifika kwa mawakili, tena raia wa Marekani wenyewe! Ofisi ikaeleza kwamba ilituma kwenye imeli iliyokuwa nayo. Kama mwombaji alitoa imeli ya mtu mwingine, basi barua inaweza kumfikia huyo mwingine.

Hatusemi watu wasijaze. Mlango ni huo mmoja, na alama za vidole na picha ya jicho tulishatoa zamani. Hizo huwezi kuzibadilisha kama paswadi. Wala tusidanganyane kwamba kujilinda ni kuandika uongo. Jina likiwa tofauti na lile lililoko kwenye karatasi ya familia, utakwama wewe mwenyewe.

Sisi tumebadilisha kazi yetu. Mtu anakuja na simu yake, au tunasubiri aazime ya mwanawe, siyo yetu. Anafungua imeli yake na paswadi anaandika mwenyewe, sisi tunageuka tuangalie ukutani. Asiyejua kuandika analeta mtoto wake au mtu anayemwamini, na paswadi inaandikwa kwenye daftari linalokaa kwake. Programu tunaipakua Play Store tu, baada ya kuona jina la ofisi iliyoitoa. Zile zinazotumwa WhatsApp hatugusi. Ruhusa ya mahali na ya namba za watu, kama fomu haiihitaji, tunaizima. Picha tunafuta mbele yake, na kwenye pipa la simu pia, maana zinakaa huko siku nyingi.

Kazi inaenda polepole, watu wanalalamika foleni. Na ninyi dada na kaka wa mashirika mnaosoma hapa, tunawaomba kitu: mkitwambia "nitumie picha ya karatasi yake WhatsApp", mnaturudisha kule kule. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019, na tunaamini inatuhusu sisi na ninyi pia.

Mama tulimsaidia kuandika barua ya kueleza kwa nini alichelewa, akaomba imeli ibadilishwe iwe yake. Mpaka tunaandika haya hawajajibu. Kila Jumatatu anakuja, anakaa kwenye benchi, anaandika paswadi kwa kidole kimoja huku ameficha kioo kwa kitenge, na akimaliza anatuonyesha: bado.