Madesa ya Mazingira, Moshi wa Hosteli na Ziwa Letu

Najua nimeadimika, wengine mmeshaanza kuniuliza kama nimedisko. Bado nipo, nadunda. Ijumaa tuna testi ya ile kozi ya mazingira niliyoichagua mwenyewe, na desa tulilorithi kwa waliotutangulia lina kurasa nne za misamiati. Maana mstari mmoja, mfano hakuna. Ukilikariri hivyo hivyo, Jumamosi asubuhi limeshayeyuka. Mimi nimeamua kila neno nilitafutie mahali pake hapa hapa Mwanza. Twende pamoja, na nyie mlioko vyuo vingine mtafaidika.

Tuanze na vumbi laini. Kwenye desa limeandikwa PM2.5, yaani chembe zenye upana usiozidi mikromita 2.5. Unywele wa kichwa chako ni kama mikromita 70, kwa hiyo chembe hizo unaweza kuzipanga karibu thelathini juu ya upana wa unywele mmoja. Ndiyo maana pua haizikamati. Zinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, na nyingine ndogo zaidi zinaingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango chake hadi wastani wa mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo kwa mwaka. Hizi zinatoka wapi? Daladala linalopanda mlima likiacha wingu jeusi nyuma, jiko la mkaa, kuni za kubanikia samaki, na taka zinazochomwa uani.

Hapo kwenye taka ndipo panaponigusa. Ninaishi hosteli ya mtu binafsi, sitaitaja, na nyuma ya dirisha letu kuna shimo la taka. Kila zikijaa, zinawashwa moto. Mwenzangu wa chumba, sisi tunamwita Ngosha, ana pumu. Moshi ukianza tu, anafunga dirisha, anakaa kitandani ameinama, na ile dawa ya kuvuta anaitikisa kwanza asikie kama bado imo. Dawa yenyewe anainunua kwa bumu, na bumu mnalijua linavyochelewa. Kwa hiyo jamani, neno "chembe" kwenye desa si la testi peke yake, lina sura ya mtu.

Neno la pili ni monoksidi ya kaboni. Hii inatokea kitu kikiungua bila hewa ya kutosha. Haina harufu, haina rangi, na inashika damu mahali ambapo oksijeni ingekaa. Wanaolala na jiko la mkaa ndani kwa sababu ya baridi, msiamke mkasema ni uchawi. La tatu ni dioksini. Ni sumu inayozaliwa hasa plastiki zenye klorini zikiungua kwa moto hafifu, kama ule wa shimoni kwetu. Inajikusanya kwenye mafuta ya wanyama na samaki, na haiondoki mwilini upesi. Tanuri la kisasa la kuteketeza taka linatakiwa lizidi nyuzi joto 850. Moto wa kiberiti na makaratasi haufiki huko, hata uupulize mpaka mashavu yaume.

Sasa udhibiti wa moshi. Nimeufupisha hivi: unaweza kuzuia uchafu usizaliwe, au unaweza kuukamata unapotoka. Kukamata ndiko kwenye mashine. Kuna saikloni inayozungusha hewa mpaka vumbi zito likaanguka. Kuna mifuko ya kuchujia. Kuna skraba inayonyeshea moshi maji au dawa ili gesi za salfa zishikwe. Na kuna mtego wa umeme unaozichaji chembe zikanasa kwenye sahani za chuma. Kwenye gari kuna kichocheo ndani ya bomba la moshi kinachogeuza gesi mbaya kuwa nafuu.

Kuzuia kusizaliwe ndiko kunakolipa zaidi, na sisi Waafrika tuna mfano wetu. Mwaka 2001 nchi za Kusini mwa Sahara zilikubaliana kule Dakar kuachana na petroli yenye risasi (ile metali, si ya bunduki, teh teh), na kufikia mwanzoni mwa 2006 ilikuwa imeondolewa karibu ukanda mzima. Risasi ilikuwa inadhuru ubongo wa watoto, na pia inakiua kile kichocheo cha kwenye gari. Hakuna aliyefunga chujio kwenye kila pikipiki. Walibadilisha mafuta, basi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, unafuata njia hiyo hiyo: ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi.

Haya, tushuke ziwani. Neno linaloogopwa kwenye testi ni BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho bakteria watakitumia wakila uchafu uliomo kwenye maji. Uchafu ukiwa mwingi, bakteria wanakula karamu na oksijeni yote inaisha. Sangara ndiye wa kwanza kulia, maana anahitaji oksijeni nyingi. Kamongo yeye anapanda juu anavuta hewa kama mimi na wewe. Ukitaka kuona BOD kwa macho, simama darajani Mto Mirongo katikati ya mji siku ya jua kali. Pua itakufundisha. Na Mirongo unamwaga ziwani, ziwa ambalo maji yake yanavutwa pale Capri Point tunayaoga na kuyanywa.

Tiba ipo. Kule Ilemela kuna mabwawa ya majitaka ya Butuja, na mfumo wa namna hiyo hauhitaji umeme mwingi. Bwawa la kwanza ni refu kwenda chini, halina oksijeni, tope linatulia na bakteria wanalivunja. La pili lina mwani unaotengeneza oksijeni kwa jua. La mwisho ni la kina kifupi, jua linaua vijidudu. Tatizo la Mwanza ni kuyafikisha majitaka huko, maana mji umejengwa juu ya miamba. Kilimani hata choo cha shimo huchimbi. Ndiyo maana mitaa kama Igogo iliwekewa mabomba membamba yanayopita juu juu kati ya nyumba, yasiyohitaji mtaro mrefu.

Sasa kuna neno moja ambalo lilinifanya niache kukariri nikae nifikiri: uangukaji wa vitu kutoka hewani. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba karibu 68,800, na maji yake mengi hayaletwi na mito, yanaletwa na mvua inayolinyeshea moja kwa moja. Kwa hiyo chochote kilichomo hewani kinashuka nayo. Utafiti uliochapishwa 2005 ulikadiria kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia ziwani inatoka hewani: vumbi la mashamba yaliyobaki wazi na moshi wa mapori yanayochomwa. Fosforasi ni mbolea. Ikizidi, mwani unashamiri, maji yanakuwa kijani, mwani ukifa unaoza, na BOD ile ile inarudi. Mnaona? Desa limeweka hewa ukurasa wa kwanza na maji ukurasa wa tatu, kumbe ni habari moja.

Nikamfuata babu anayelinda hosteli. Shikamoo babu, marahaba mjukuu, nikamweleza habari ya Ngosha na ule moshi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa mjukuu wangu, gari la taka halijaja wiki ya pili. Nizipeleke wapi, chumbani kwenu?" Hapo sikuwa na jibu la kwenye desa. Babu hachomi kwa ubaya, anachoma kwa sababu shimo limejaa.

Tukakaa na wapangaji wenzetu, tukachambua taka zenyewe ni nini. Sehemu kubwa ni maganda na makombo. Hayo yakifukiwa dampo kama la Buhongwa yanaoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayopasha joto dunia zaidi ya mara 25 ya kaboni dayoksaidi kwa hesabu ya miaka 100. Yakigeuzwa mboji ni mali. Mama mmoja jirani anayelima mchicha anayachukua sasa. Chupa za plastiki zina wateja wake, wanapita na viroba. Yaliyobaki ni machache, tunachanga shilingi 500 kila mmoja kwa wiki, kijana wa mkokoteni anayapeleka kwenye kizimba.

Siwadanganyi kwamba mambo yamenyooka. Wapangaji watatu hawachangi, na wiki iliyopita shimo liliwashwa mara moja. Lakini zamani ilikuwa mara nne. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ipo tangu 2004, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, wengi tulidhani haiwezekani na ikawezekana. Kwetu ilihitaji mkokoteni na mia tano.

Mlio hosteli zenye shimo kama letu, niandikieni mnafanyaje na wasiochanga, maana hapo ndipo tulipokwama. Kwa leo naishia hapa, bado ukurasa wa nne haujaguswa. Mniombee Ijumaa nisije nikala sapu!