Mwana na Mpwa

Zamani, katika nchi nyingi za Usukuma, mtoto aliyezaliwa ndani ya ikulu ya mtemi alizaliwa karibu sana na kiti cha baba yake, na mbali nacho vile vile. Alikiona kila siku tangu utoto mpaka ndevu zikamwota, akawaona watu wazima wakipiga magoti mbele yake, lakini kukikalia hakukuwa fungu lake. Mtemi alipofariki, wazee waliokabidhiwa kazi ya kuchagua hawakumtazama. Walikwenda kumtafuta kijana mwingine, pengine mchunga ng'ombe wa kijiji cha mbali, ambaye jina la baba yake halikuwa na uzito wowote. Uzito ulikuwa katika jina la mama. Mama huyo alikuwa umbu wa marehemu, au binti wa umbu wake.

Basi aliyerithi nchi alikuwa mpwa. Mwana alirithi ng'ombe.

Sababu iliyotolewa ni nyepesi kufahamika. Mtoto wa mke hujulikana baba yake kwa neno la mama yake. Mtoto wa umbu hujulikana kwa tumbo lililomzaa, na tumbo lina mashahidi. Mtemi hakuwa hakimu na mpokea kodi tu. Alidaiwa mvua, na mvua ilipokosekana miaka miwili mitatu aliweza kuondolewa. Nchi iliyoweka uhai wake juu ya damu ya mtu mmoja haikutaka kubahatisha damu hiyo. Walakini desturi hii haikuwa ya bara yote. Msafiri aliyetoka Shinyanga akashika njia ya magharibi hadi upande wa Geita, aliingia Uzinza, nchi iliyotawaliwa na Wahinda, ambao kwao mwana alimfuata baba. Watu waliouziana majembe na chumvi walitofautiana katika jambo hili kubwa, na hapana ushahidi kwamba upande mmoja uliwaona wenzao wajinga.

Mtemi alioa wake wengi. Mmoja wao, ngole, alikuwa na heshima ya pekee, maana alishiriki naye katika mambo ya kutawazwa. Wengine waliolewa kutoka jamaa mbalimbali, wakalima, wakapika pombe ya wageni, wakaijaza ikulu watoto. Mtu aliyehesabu wake hao angedhani kwamba anahesabu nguvu ya utawala, na kwa namna moja angesema kweli. Lakini hapana ndoa hata moja katika hizo iliyozaa mtemi. Wana waliotoka humo walipewa vijiji kuviangalia, wakaitwa banangwa, yaani wana wa mtemi, hata jina hilo likawa jina la cheo. Ndoa iliyozaa mtemi ilifungwa mahali pengine, bila makelele, baina ya umbu wake na mwanamume ambaye masimulizi aghalabu hayakujishughulisha kumtaja. Huyo alikuwa baba wa mtemi ajaye, naye alikaa katika historia ya mwanawe kama mgeni aliyekaa barazani.

Wafranki wa Ulaya, katika karne ya 9, walipanga nyumba zao kinyume cha hivi. Tarehe 29 Juni, 824, katika jumba la kifalme la Aachen, bwana mmoja mkubwa jina lake Bernard wa Septimania alimwoa Dhuoda. Mume alikaa baraza la Kaisari Louis na vitani. Mke aliachwa Uzès, kusini mwa Ufaransa, kulinda mali. Walizaa wana wawili. Wa kwanza, William, alipokuwa na miaka 14, baba yake alimkabidhi kwa mfalme Charles kuwa rehani ya uaminifu wake. Wa pili alizaliwa mwaka 841, akachukuliwa kwa mama yake kabla ya kubatizwa, hata mama hakujua mtoto amepewa jina gani. Dhuoda akakaa peke yake akamwandikia William kitabu cha mawaidha kwa Kilatini, akakimaliza mwaka 843. Bernard aliuawa mwaka 844 kwa amri ya mfalme yule yule, na William akauawa mwaka 850.

Haifai kusema kwamba umbu wa mtemi aliishi peponi na Dhuoda jehanamu. Umbu naye alimtoa mwanawe kwa nchi, na nchi iliyomnyanyua iliweza kumtupa mwaka wa ukame. Tofauti ni hii, kwamba mama wa Kifranki alipokonywa wana kwa sababu walikuwa mali ya ukoo wa baba yao, ambao yeye aliingia kwa ndoa. Umbu wa mtemi hakuingia popote. Ukoo ulikuwa wake, na kiti kilipita kwake.

Kilichoanza kulegeza desturi hii katika Unyamwezi, jirani wa kusini, ni pembe za ndovu. Mvua haiwezi kuwekwa ghalani, lakini pembe zaweza, na bunduki na vitambaa vyaweza. Na mtu mwenye ghala humfikiri mwanawe. Wafanyabiashara wa pwani nao walikuja na hesabu yao ya ukoo wa baba. Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Tippu Tip, aliyeyasimulia maisha yake kwa Kiswahili, hakuficha kwamba ndoa hiyo ilimpa baba yake ukubwa katika nchi. Fundikira alifariki mwaka 1858. Mrithi wake, Mnywa Sele, alitaka kuwatoza wafanyabiashara ushuru. Mwaka 1860 waliungana na wapinzani wake, wakamtoa, wakamweka Mkasiwa. Mnywa Sele alitangatanga porini akipigana hadi alipouawa mwaka 1865. Mkasiwa alipokufa, aliyeshika kiti ni Isike, mwanawe. Wakati huo palikuwa na vita, bunduki na madai ya kila namna, na katika kelele hizo haikusikika sauti ya umbu yeyote akiuliza haki yake imekwenda wapi.

Serikali za kigeni zilikamilisha yaliyoanza. Wazungu walitoka katika nchi za mwana na baba, na mpwa aliwatatiza vitabu vyao. Shule ya Tabora, iliyofunguliwa katika miaka ya 1920, ilikusudiwa hasa kwa wana wa watemi. Katika Shinyanga, Kidaha Makwaia alirithi kiti cha Usiha kwa baba yake katika miaka ya 1940. Alikuwa mtu wa elimu, aliyesoma Makerere, na mwaka 1945 yeye na Abdiel Shangali wa Machame wakawa Waafrika wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Hakuna awezaye kusema kwamba nchi ilipata mtu duni kwa kumpata mwana. Hata hivyo mlango mmoja ulifungwa, na aliyekaa nyuma yake hakuulizwa. Mwaka 1963 utemi wenyewe ukaondolewa kisheria, na mwana na mpwa wakawa sawasawa.

Lakini sheria ya mirathi ya watu wa kawaida haikuondolewa. Hans Cory, aliyeandika sheria na desturi za Wasukuma katika kitabu kilichotolewa mwaka 1953, alishiriki pia kukusanya desturi za makabila ya ukoo wa baba ziwe sheria moja, nayo ikatangazwa mwaka 1963, baada ya kufa kwake. Humo binti yumo katika daraja la tatu na la mwisho la warithi. Mjane hana fungu ikiwa mumewe ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Desturi iliyokuwa ikisemwa na kujadiliwa barazani, yenye vipengele na huruma zake, ilipoandikwa ilikuwa ngumu kama jiwe.

Wajane wawili wa Shinyanga, waliotolewa katika nyumba walizokaa na waume wao, waliipeleka sheria hiyo mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba inabagua, lakini ikakataa kuifuta, ikihofia kwamba kila desturi ingeletwa mbele yake. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufani yao kwa kasoro ya tarehe katika hati ya mahakama. Wakaenda mbele zaidi, hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayoangalia ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwezi Machi, 2015, kamati ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa, walipwe fidia, na sheria irekebishwe. Tangu waume wao walipofariki ilikuwa imepita miaka kama 15.