Stara Haituzuii Kupima



Ndugu zangu wasomaji, leo nimeomba nafasi nieleze jambo ambalo sisi akina mama wa Nyamirambo hulisema jikoni kwa kunong'ona, tena mara nyingi tukiwa tumeshachelewa.

Mama yangu mdogo, Allah amrehemu, alikuwa akitokwa na damu ilhali hedhi ilishakoma. Alinyamaza karibu mwaka mzima. "Nitamwonyeshaje mtu baki uchi wangu?" Alipokubali kwenda hospitali, saratani ya shingo ya kizazi ilikuwa imeshasambaa. Hakumaliza miezi sita. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha, nikajiuliza moyoni: kunyamaza kule kulimsitiri na nini?

Hata hivyo, mimi nami sikwenda kupima. Nilijiambia nina mume mmoja, sina maumivu, ugonjwa huu si wangu. Aliyenizindua ni binti yangu. Yeye alichanjwa shuleni, kwani Rwanda ilianza mwaka 2011 kuwachanja wasichana dhidi ya kirusi cha HPV, ambacho ndicho chanzo cha karibu saratani zote za aina hii. Akaniuliza, "Mama, mimi mlinikinga. Wewe je?"

Nilikwenda kituo cha afya nikaomba muuguzi mwanamke, nikapewa. Alifunga pazia, akanifunika shuka. Alipaka siki nyepesi kwenye shingo ya kizazi, akasubiri kidogo. Sehemu iliyoharibika hugeuka nyeupe, na yangu iligeuka. Nguvu ziliniishia. Lakini alinieleza kuwa haikuwa saratani bado. Ni mabadiliko ambayo yakiachwa huweza kuwa saratani baada ya miaka mingi, mara nyingi 15 hadi 20. Yalichomwa siku ileile kwa kifaa cha joto, nikarudi nyumbani kwa miguu yangu.

Usiku nilimwambia mume wangu, nikiogopa ataniuliza nimekitoa wapi. Nikamweleza kwamba kirusi hiki hupatikana kwa kujamiiana, kimeenea mno, na huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, hivyo si ushahidi wa uzinzi wa yeyote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Alhamdulillahi, umewahi." Mwaka uliofuata yeye ndiye aliyenikumbusha kurudi.

Dada zangu, ugonjwa huu hauumi unapoanza. Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke aanze kupima akiwa na miaka 30, na mwenye VVU akiwa na miaka 25. Aliyechanjwa naye apime, maana chanjo haizuii aina zote za kirusi. Damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi usiifiche.

Na nyinyi akina baba, msisubiri mke aombe ruhusa. Mwambieni aende, na mumpe nauli.

Dini yetu imetufundisha kutafuta tiba. Stara ni kuomba muuguzi mwanamke na pazia lifungwe. Si kukaa nyumbani na ugonjwa.

Wabillahi tawfiq.