Pande Zote Mbili, au Mmoja?

Mashine ya kwanza niliyoachiwa niifungue peke yangu ilikuwa Bobcat kuukuu, rangi imebabuka, iliyokuwa ikikusanya klinka, malighafi ya saruji, ndani ya meli bandarini Mombasa. Kreni huchota mzigo mpaka ishindwe kufikia pembeni. Hapo Bobcat huteremshwa kwa minyororo hadi sakafu ya ngama, ikazoe kilichobaki. Sisi mafundi tuliingoja juu, na mara nyingi ilirudi imezima.

Asili yake ni banda la bata mzinga. Mwaka 1957 ndugu wawili, Louis na Cyril Keller, walimtengenezea mfugaji mmoja wa Minnesota, Marekani, mashine ndogo ya kuzoa samadi mahali ambapo trekta haliwezi kugeuka. Ile ya kwanza ilikuwa na magurudumu matatu. Zetu zilikuwa na manne, na hakuna hata moja linalokata kona: upande mmoja unakwenda mbele, wa pili unarudi nyuma, mashine inazunguka palepale. Ndiyo maana ilifaa katika tumbo la meli.

Siku moja ililetwa haipandi hata kichuguu cha klinka. Injini inanguruma vizuri, magurudumu yanasita. Nikakata shauri kwamba pampu ya haidroliki imekufa. Siku mbili nzima nilifungua, nikaosha, nikapanga vipande juu ya gunia, na kila nilichokishika kilikuwa kizima. Mzee aliyekuwa akitufunza kazi akaja, akachungulia, hakugusa spana.

"Mwanangu, nguvu imepungua pande zote mbili, au mmoja?"

"Zote mbili, mzee."

"Kila upande una pampu yake na mota yake. Zife zote siku moja? Tafuta zinachokula pamoja."

Zilichokula pamoja kilikuwa mkanda unaotoa nguvu kwenye injini. Nilipoondoa kifuniko chake, nikaona ubavu wa mkanda umekuwa mgumu, unang'aa kama sahani, unanuka mpira ulioungua. Ulikuwa unateleza tu. Tukafunga mpya, na zamu ya usiku ikafanya kazi.

Swali lile limenilisha miaka yote. Pande zote zikilegea, nianze na oili, filta na mkanda. Ukilegea mmoja, nitazame kwanza fimbo za kuendeshea na pini zake zilizolika, kisha cheni, na mota iwe ya mwisho. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Paipu ikivuja tone lisiloonekana, nipitishe kipande cha boksi, si kidole: oili yenye presha hutoboa ngozi ikaingia mwilini.

Lakini kilichonitisha kuliko vyote ni ile mikono ya kuinulia ndoo. Niliwahi kuiona ikishuka bila kuguswa, baada ya fundi mwenzangu kulegeza paipu moja. Ndoo ilitua pale pale alipokuwa amepiga magoti dakika moja kabla. Alikaa chini ukutani, hakusema neno mpaka jua linazama.

Wewe uliyeshika spana leo, kabla hujaingia chini ya mikono iliyoinuliwa, weka kile chuma cha kuizuia. Weka hata kama msimamizi anakupigia kelele kwamba meli inangoja.