Fungu la Tafi

Msomaji, nakuomba unisindikize hadi ufuo wa Nyali, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa upande wa Kisauni, miaka mingi iliyopita, nilipokuwa na umri kama wako. Ni asubuhi na maji yanakupwa. Wanaume wamesimama safu mbili ndani ya maji, kila safu imeshika kamba, nao wanavuta juya. Kwanza huoni kitu ila maboya. Kisha duara linapungua, maji yanaanza kuchemka kwa samaki, na mwisho tumbo la wavu linalazwa mchangani likiwa limebeba tafi, changu, pono na mkundaji, pamoja na majani ya bahari na vipande vya tumbawe vilivyong'olewa njiani.

Nilikuwa nikitumwa pale na shangazi yangu. Yeye alikuwa mama karanga, yaani mwanamke anayenunua samaki wadogo pwani, akawakaanga, akawauza jioni mbele ya nyumba kwa watu wasioweza kununua samaki mkubwa. Madaftari yangu yalinunuliwa kwa fedha za karai lile. Basi ukinisikia nasema vibaya juu ya juya, ujue kwamba nalisema vibaya jambo lililonisomesha.

Samaki waliuzwa kwa fungu. Mwanzoni fungu lilikuwa tafi watano, nao waliujaza mkono. Baadaye wakawa wanane, kisha kumi na wawili, na mkono haukujaa. Hatukuliona hilo kuwa ni upungufu, kwa kuwa tulihesabu mafungu wala hatukuhesabu kimo cha samaki. Tafi asiyefika shubiri moja aghalabu hajazaa bado. Juya lenye macho madogo humchukua huyo kabla hajaacha mtoto hata mmoja baharini, na mwaka wa pili mvuvi hushangaa kwamba bahari imekuwa bahili.

Madhara hayakomi kwa tafi. Yuko samaki aitwaye kikande, ambaye wengi hawamtamani kwa sababu ya ngozi yake ngumu. Chakula chake kimojawapo ni wale wanyama mviringo wenye miiba wanaotuchoma nyayo tukitembea mwambani. Kikande akivuliwa hadi akaadimika, wenye miiba huongezeka, nao hukwangua mwamba mchana na usiku mpaka matumbawe yakalika. Mwamba ukilika, samaki hukosa maficho. Hivyo mtu anaweza kumvua kikande leo na kumkosa changu baada ya miaka kadhaa, asijue kwamba mambo hayo mawili ni mamoja.

Mwaka 1986 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Mombasa mbele ya fuo hizo za Nyali na Bamburi. Kilometa za mraba 10 zilifungwa kabisa zisivuliwe, na eneo kubwa zaidi lililozunguka likaachwa kwa uvuvi wenye masharti. Wavuvi waliozoea kuvua humo walilalamika, wala sioni ajabu. Mtu huwezi kumfungia shamba akakushukuru. Lakini samaki hawajui mpaka. Waliokua ndani walitoka nje, na wavuvi wenye akili wakaanza kutega malema yao karibu na mpaka wenyewe. Mwaka 2001 juya lilipigwa marufuku katika Kenya, ingawa marufuku ya karatasini na ya mchangani si kitu kimoja. Na malema yenyewe yametengenezwa upya: baadhi ya wavuvi wa pwani yetu huyaachia mwanya wa sentimita 3 hivi, samaki mchanga akapenya akaenda zake. Mapato hayakuanguka, maana samaki mkubwa hupata bei nzuri zaidi kwa kilo.

Kwamba samaki hurudi wakiachwa, si ndoto. Huko Marekani, katika ghuba ya Chesapeake, samaki aitwaye striped bass alikuwa karibu kwisha. Jimbo la Maryland likakataza kumvua tangu 1985 hadi 1990, na mwaka 1995 alitangazwa kuwa amepona. Walakini 2019 wataalamu walisema tena kwamba amevuliwa kupita kiasi. Naitaja habari ya pili pamoja na ya kwanza makusudi.

Sasa nifike penye uzito. Wataalamu walioutazama uvuvi wa Nyali, wakachapisha kazi yao mwaka 2015, waliona kwamba uvuvi ukipunguzwa, na hasa wa juya, faida ya jumla huongezeka na bahari hupata nafuu. Lakini mama karanga hupoteza. Samaki wakubwa huenda kwa wachuuzi wenye fedha na kwa hoteli. Wadogo, waliokuwa riziki yake, hubaki majini.

Nilimweleza shangazi habari hizi zote, amekwisha kuwa mzee lakini karai lingali jikoni. Nikamwambia mipaka ni haki, na kwamba bila mipaka wajukuu wake watamjua tafi kwa jina tu. Hakubisha.

"Mwanangu," akasema, "hiyo miaka ya kungoja, mimi nitakaanga nini?"

Nilijibu nilivyoweza. Nilisema kamati za fuo, ambazo watu huziita BMU, zinapopanga mahali pa kufunga na wavu wa kutumia, mama karanga awe na kiti pamoja na mwenye chombo. Wavuvi wa malema wamwekee sehemu ya samaki wao kwa bei anayoiweza. Na mvuta juya, ambaye hana chombo wala mtego ila mikono yake, apewe zana nyingine kabla ya kunyang'anywa kamba. Nasimama hapo hata sasa: mpaka usiowahesabu hawa utavunjwa usiku, na wataouvunja hawatakuwa watu waovu.

Shangazi alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akachukua tafi mmoja kutoka kikapuni, akamlaza juu ya kibao, akatandaza shubiri yake juu yake. Samaki alikomea chini ya kidole cha kati.

"Huyu ni mtoto," akasema. Akamtazama kidogo, akampaka chumvi, akamtia mafutani.