Chakula cha Msafiri Ng'ambo za Mombasa

Wahenga walisema, "Msafiri maskini ajapokuwa sultani." Mtu awapo njiani hana jiko lake wala mtungi wake wa maji, hula apatacho na hunywa apewacho. Lakini si watu wa safari za mbali peke yao walio katika hali hiyo. Mjini Mombasa maelfu ya watu huwa wasafiri kila siku ya kazi, kwa kuwa hulala bara na kutafuta riziki kisiwani, au hulala upande mmoja wa bara na kufanya kazi upande wa pili. Njia zao kubwa ni tatu. Wa kusini huvuka maji kwa feri ya Likoni, wa kaskazini hupita daraja la Nyali, na wa magharibi hupita Makupa kwenda Changamwe. Swali lao wote ni moja: mtu mwenye haraka atakula nini asiudhuru mwili wake?

Tuanze Likoni. Kabla ya jua kuchomoza, makundi ya watu huteremka kuelekea kivukoni. Aendaye kwa miguu hatozwi nauli ya feri, lakini hulipa kwa kungoja, na kwa hofu ya kuchelewa wengi huondoka nyumbani bila ya kutia kitu kinywani. Kando ya njia huwapo viazi karai, bajia na mihogo ya kukaanga. Huwapo pia mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, machungwa, na mama wa mahamri na mbaazi za nazi. Hapo husikika maneno kama haya:

"Mama, nifungie viazi upesi, feri yaja."

"Haya, mwanangu. Lakini mbaazi nazo zi tayari, hazitakuchelewesha."

Maneno ya mama huyo yana hekima ndani yake. Viazi karai si sumu, na mtu akila siku mojamoja hadhuriki. Walakini alaye kila asubuhi vitu vilivyozama katika mafuta, akashushia na chai yenye sukari nyingi, huona njaa tena kabla ya adhuhuri, na miaka ikipita hujitafutia unene, ugonjwa wa sukari na shinikizo la damu. Mbaazi, kunde, pojo na maharagwe hujenga mwili na hukaa tumboni kwa muda mrefu. Tena hazihitaji saa ya ziada; aliyezipika alikwisha kuamka usiku kwa ajili ya mlaji.

Njia ya Changamwe ina shida ya namna nyingine. Huko ndiko kwenye viwanda, uwanja wa ndege na malori ya bandari, na ndiko ianziako barabara ya Nairobi yenye kilomita zipatazo 480. Karibu yake, huko Miritini, kipo kituo cha reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Dereva wa lori huketi saa nyingi katika joto, na kiu ikimshika hununua soda. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba sukari ya kuongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu zote ambazo mtu hupata kwa siku. Kwa mtu mzima wa kawaida, hiyo ni kama gramu 50. Chupa moja ya soda ya cola ya nusu lita yaweza kuimaliza kadiri hiyo yote. Afadhali dereva achukue chupa ya maji safi kutoka nyumbani, na afikapo kwenye kibanda aagize sima, mchicha na samaki, wala asiinyunyizie chumvi sahani kabla hajaonja. Chumvi ya siku nzima yapasa isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai.

Mtu aweza kujibu kwamba hayo ni maneno ya wenye mshahara. Kibarua alipwaye kwa siku hununua kile kinachojaza tumbo kwa pesa chache, na hapana haki ya kumlaumu. Huyo ndiye apaswaye kuyafikiri mambo haya zaidi ya wengine, kwa sababu mtaji wake ni mwili wake. Siku atakapougua, mshahara hauji. Msaada wake mkubwa ni kujitayarisha tangu jioni. Viazi vitamu vilivyochemshwa alfajiri vyafaa kuliwa palepale kivukoni. Njugu kavu, tende na matunda yenye maganda hustahimili joto mpaka mchana. Lakini wali wa nazi wa jana usitiwe mfukoni, kwa kuwa vyakula vya nazi huchacha upesi, na chakula kilichopikwa hakifai kuachwa katika joto la Mombasa zaidi ya saa mbili. Akinunua kibandani, na achague kile kitokacho motoni, na mikono aioshe kwa sabuni kwanza.

Njia ya tatu ndiyo yenye neema kuliko zote. Daraja la Nyali la sasa lilifunguliwa mwaka 1980 mahali pa lile la zamani lililokuwa likielea majini. Avukaye kwenda Kisauni hukaribia soko kubwa la Kongowea, ambako matunda na mboga hushushwa kwa magunia na makreti: machungwa, maembe, mananasi, mchicha, sukuma wiki. Karani atokaye kazini jioni hulipita soko hilo akiwa ndani ya matatu. Kama angeshuka kwa dakika chache, angepata gramu 400 za matunda na mboga ambazo wataalamu humtaka kila mtu azile kwa siku, na za watoto wake pia.

Jambo hili lina historia yake papa hapa. Mwezi wa Aprili, mwaka 1498, merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga nje ya Mombasa baada ya safari ya miezi mingi. Njiani mabaharia wake walikuwa wameshikwa na kiseyeye, ugonjwa wa kuvimba ufizi uwapatao watu wasiokula matunda wala mboga. Mtawala wa Mombasa aliwapelekea kondoo, miwa, na machungwa na malimau kwa wingi. Mmoja wao aliandika kwamba wagonjwa walipata nafuu hapa, naye akaisifu hali ya hewa. Ilipofika mwaka 1747 ndipo daktari wa Kiskoti, James Lind, alipowajaribu mabaharia wagonjwa kwa dawa mbalimbali, akaona kwamba waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi.

Wageni wale walikuwa maskini wa njiani kweli, kwa kuwa baharini hapana mti wa mchungwa. Mkazi wa Likoni, Changamwe au Kisauni hana udhuru huo. Machungwa yamo njiani mwake asubuhi na jioni, na mbaazi zi motoni. Linalombakia ni kuondoka nyumbani mapema kidogo, na kukumbuka kwamba feri ikimwacha, nyingine yaja. Afya ikimwacha, huenda asiipate tena.